Mwaloni umegeuka manjano mwezi wa nne: usikate kitu kwanza

Dada uliyeuliza kuhusu mwaloni wa nyumba mliyonunua karibu na Austin, ule unaopukutisha majani ya manjano na jirani akashauri mpunguze matawi: tafadhali msikate hata tawi moja sasa. Kazi yangu ni kupogoa miti huku Texas ya kati, na Aprili ni wakati mbaya sana wa kuujeruhi mwaloni.

Tunachokiogopa ni mnyauko wa mwaloni, ukungu unaoziba mishipa ya maji ndani ya mti. Mialoni myekundu, aina tofauti na yenu, ikifa kwa ugonjwa huu, baadhi huota utando wa ukungu chini ya gome, wenye harufu tamu ya matunda yaliyochacha. Mbawakawa wadogo wapendao utomvu huja kula hapo, kisha huruka na vimelea hadi kwenye kidonda kibichi cha mti mwingine. Ndiyo maana wataalamu wa misitu wa Chuo Kikuu cha Texas A&M wanashauri kuepuka kupogoa kuanzia 1 Februari hadi 30 Juni. Mimi hata miezi mingine nakata kopo la rangi likiwa kiunoni, na kidonda nakipaka papo hapo.

Aina yenu, ile inayobaki na majani wakati wa baridi, ina hatari nyingine: mizizi yake huungana na ya mti wa jirani. Ugonjwa hupita chini kwa chini, kwa wastani mita 23 hivi kwa mwaka, na miti mingi hufa ndani ya miezi 3 hadi 6 baada ya dalili.

Sasa okota majani chini ya mti uyatazame kwenye mwanga. Kama jani zima ni manjano na juu kuna machipukizi, tulieni. Mti huu hubadilisha majani kila mwaka majira haya. Jani la mnyauko mara nyingi huwa na mishipa ya manjano au kahawia huku kati ya mishipa hiyo pakiwa bado kijani, unaona kabisa mfupa wa samaki. Ukiliona hilo, mpigie afisa ugani wa kaunti yenu akuelekeze namna ya kupeleka sampuli maabara.

Dawa ipo, propikonazoli, hudungwa kwenye shina pale mizizi inapoanzia. Inafaa zaidi kwa mti ambao bado haujaonyesha dalili. Ili kuzuia ugonjwa usienee mtaani, huchimbwa mtaro wa kina cha mita 1.2 au zaidi, mita 30 mbele ya miti iliyougua, ili kukata mizizi. Ni gharama, na kuwakubalisha majirani ni kazi kuliko kuchimba, lakini nimeona mitaa ikiokoa miti yake hivyo.

Viwavi vya kijani vinavyoning'inia kwa nyuzi, vinundu vya nyigu kwenye majani, na vile vifundo vya kijivu matawini (ni mimea midogo iliyojishikiza tu hapo) visikunyime usingizi. Vifundo hivyo havinyonyi mti, na ukiliwa majani na viwavi huchipua tena. Gome likibanduka na kuacha ukoko wa kijivu au mweusi, hilo ni jambo zito: ukungu mwingine huo, hauna dawa, hushambulia mti uliodhoofishwa na ukame au mizizi iliyokatwa wakati wa ujenzi.

Weka picha ya majani hapa, ya karibu, mishipa ionekane. Na useme kama kuna mialoni iliyokauka mtaani kwenu.