Zamani ipi hiyo mnayoiulizia?

Mhariri, swali lenu la wiki hii mmeliandika hivi: "Kwa nini siku hizi Tanzania hairudi na medali kutoka Michezo ya Afrika na Michezo ya Jumuiya ya Madola kama zamani?" Ningelipita kama ninavyoyapita mengine, ila hilo la zamani limenikera. Nimefundisha jiografia na michezo sekondari hadi nikastaafu, na kila timu ikirudi mikono mitupu nasikia wimbo uleule redioni, kijiweni, hata nje ya kanisa baada ya ibada: zamani tulikuwa moto wa kuotea mbali.

Haya, tuhesabu. Hesabu yenyewe haijazi hata ukurasa wa daftari. Medali yetu ya kwanza ya kimataifa aliileta mwanamke, Theresia Dismas, fedha ya kurusha mkuki, Brazzaville 1965, Michezo ya Afrika ya kwanza kabisa. (Waulizeni hao wanaoimba zamani kama jina hilo wamewahi kulisikia.) Januari 1973, Lagos, kwenye michezo hiyohiyo ya Afrika, Filbert Bayi akamwacha Mkenya Kipchoge Keino kwenye mita 1,500. Mwaka uliofuata, Christchurch, akatangulia tangu bastola ilipolia na hakuna aliyemfikia: 3:32.16, rekodi ya dunia, na John Walker wa New Zealand aliyekuwa wa pili naye aliivunja rekodi iliyokuwapo. Hiyo ndiyo dhahabu yetu ya kwanza ya Jumuiya ya Madola. Ya pili ni ya Gidamis Shahanga, marathoni ya Edmonton 1978, na ya tatu yake huyohuyo, mita 10,000 Brisbane 1982. Kisha Michael Yombayomba kwenye ngumi, Kuala Lumpur 1998. Francis Naali, marathoni, Manchester 2002. Samson Ramadhani, marathoni, Melbourne 2006.

Basi. Dhahabu sita za Jumuiya ya Madola tangu tupate uhuru, tano za mbio na moja ya ngumi, zote za wanaume. Kenya wameshawahi kupata zaidi ya hizo katika safari moja. Kweli, mwaka 1986 tulisusia Edinburgh kwa sababu ya makaburu wa Afrika Kusini, na sioni la kujutia hapo. Lakini hata ukiongeza hiyo, hatukuwa taifa la medali. Tulikuwa na ukanda mmoja wa nyanda za juu, Karatu, Mbulu, Hanang hadi Singida, uliotoa watu wenye mapafu, na tulikuwa na jeshi lililowapa mshahara na muda wa kufanya mazoezi. Bayi alikuwa mwanajeshi. Juma Ikangaa, aliyechukua fedha ya marathoni Brisbane akichuana na Mwaustralia Robert de Castella hadi dakika za mwisho, mwanajeshi pia, ingawa yeye ni wa Dodoma.

Kwa hiyo mnapouliza kwa nini tumeshuka, mimi nauliza tumeshuka kutoka wapi, na nani alipima. Niwape kisa.

Katikati ya miaka ya tisini kulikuwa na mchujo wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, nami nimekaa mezani kama karani wa matokeo. Kiwanja kilikuwa cha mpira. Njia ya kukimbilia ilichorwa alfajiri kwa chokaa, na chokaa ilipoishia kona ya mwisho, wakamalizia na majivu kutoka kwa wapishi. Aliyeipima ni mwalimu mmoja mwenye kamba ya katani yenye mafundo, akatuhakikishia kwamba ni mita 400 kasoro kidogo. Hakuna aliyemuuliza kidogo ni kiasi gani.

Ikaja mita 5,000, raundi kumi na mbili na nusu. Wavulana wengi, nusu yao pekupeku. Mhesabu raundi alikuwa na punje za mahindi mfukoni, kila kiongozi akipita anadondosha moja kwenye kopo. Kengele ilikuwa ringi ya gari iliyoning'inizwa kwenye mgunga. Baada ya raundi ya sita walibaki wawili mbele: mrefu mmoja aliyefunga bukta kwa kamba, na mfupi mmoja kutoka shule ya mbali sana, ambaye usiku ule alikuja juu ya lori la vitunguu. Mfupi alikuwa mbele, anakimbia ametazama chini kama mtu anayetafuta sarafu.

Hapo ndipo mgeni rasmi alipofika. Gari likaingia hadi ndani ya kiwanja, wote tukasimama, mhesabu raundi naye akasimama. Alipokaa hakujua kama punje ya raundi ile ameidondosha au bado anayo mkononi. Akaniuliza. Mimi nilikuwa nanakili matokeo ya kuruka juu. Akaangalia kopo, akaangalia mgeni rasmi, akaona heri lawama kuliko aibu, akaamuru kengele ipigwe.

Mfupi aliposikia ile ringi alifyatuka. Nimeona mbio nyingi maishani, lakini raundi ile sijaiona tena kwa mtoto wa shule. Akavuka mstari, akalala chali. Yule mrefu akaja nyuma yake, labda mita arobaini, na mwalimu wake, aliyekuwa akihesabu kivyake kwa kuchora vijiti mchangani, akampigia kelele: "Bado moja!" Mtoto akapitiliza. Akakimbia raundi nzima peke yake, uwanja mzima unamwambia asimame, mwalimu wake anamwambia aende.

Nani ameshinda? Kikao kilikaa chini ya mgunga kuanzia saa nne hadi chai ikapoa na mchana ukapita. Upande mmoja ukasema kengele ndiyo sheria. Mwingine ukasema umbali ndio sheria. Mwalimu wa kamba ya katani akaulizwa kama ana uhakika na umbali wake, akakasirika, akataka kuondoka. Mgeni rasmi alitaka kugawa zawadi, madaftari na soda, aende zake. Mwishowe mwenye busara mmoja akatoa wazo: yule mfupi aitwe, akimbie raundi iliyobaki, kisha muda ujumlishwe.

Akaitwa. Alikuwa ameshakula ugali. Akakimbia raundi yake, amepumzika, ameshiba, na ilikuwa ya haraka kuliko zote. Tukajumlisha. Nikaandika kwa mkono wangu: dakika kumi na nne na sekunde kadhaa, mita 5,000, mvulana wa kidato cha tatu, katika njia iliyokuwa fupi, mbio zikiwa na mapumziko ya chakula katikati. Karatasi ikapigwa mhuri, ikaenda taifani. Kule aliitwa miongoni mwa wanaotegemewa. Akamaliza wa tisa. Mwalimu aliyefuatana na timu alinisimulia kwamba kijana alikalishwa chini akaambiwa ameshuka kiwango.

Ndiyo maana nasema zamani yetu nyingi ni ya namna hiyo. Sizungumzii Bayi, yeye alipimwa na saa za Christchurch. Nasema ile picha ya taifa lililojaa vipaji vilivyothibitishwa, halafu watu fulani wakaviharibu. Chama cha riadha kilaumiwe kwa mengi, lakini kisilaumiwe kwa kupoteza kitu ambacho hatukuwahi kukishika.

Nilikusudia kuishia hapo. Ila kadiri ninavyokiandika kisa hiki ndivyo ninavyoona kinanigeuka. Maana mtoto yule alipanda lori la vitunguu usiku kucha kwa sababu kulikuwa na mahali pa kwenda. Kulikuwa na mchujo wa wilaya, wa mkoa, wa kanda. Kulikuwa na walimu watu wazima wanaogombana saa nyingi juu ya raundi moja ya mtoto wasiyemjua. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ikasimamisha michezo hiyo mashuleni, na iliporudishwa baadaye wengi wetu tuliokuwa tukichora kwa chokaa tulishahamishwa au kuchoka. Sasa tazameni: Delhi 2010, Glasgow 2014, Gold Coast 2018, hakuna hata shaba. Aliyekuwa na miaka kumi na miwili wakati michezo imefungwa ndiye aliyetakiwa kuwa amekomaa katika miaka hiyo. Dhahabu za 2002 na 2006 zilikuwa akiba ya nyuma.

Hesabu hiyo ninaipenda, lakini Alphonce Simbu ananiharibia. Amezaliwa 1992 Singida, yumo humohumo katika kizazi kilichokosa, na bado akaleta fedha ya marathoni Birmingham 2022, mwaka ambao Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba za ngumi. Kisha Septemba 2025, Tokyo, akawa bingwa wa dunia, dhahabu yetu ya kwanza katika mashindano hayo, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03. Simbu naye ni mwanajeshi. Kwa hiyo huenda shule si jibu, jibu ni mshahara. Na huenda ni pesa za mbio za barabarani: Jumuiya ya Madola hawatoi zawadi ya fedha, na mtu mwenye watoto akichagua kwenda kukimbia jiji linalolipa, mimi si wa kumwita msaliti.

Mkinibana nijibu swali lenu kama lilivyo, basi ndiyo, zamani ilikuwa afadhali, japo nimetumia karatasi zote hizi kuipinga. Haikuwa afadhali kwa medali. Ilikuwa afadhali kwa mchujo, hata ule wa kijinga. Na sisemi turudishe kamba ya katani.

Ratiba ya Glasgow 2026 haina marathoni, mbio pekee tunayoweza kuitegemea. Wamerudisha maili badala ya mita 1,500. Bayi aliwahi kushika rekodi ya dunia ya maili, 3:51.0, Kingston, Jamaika, 1975. Mimi siku zote nimekuwa wa kusema tupeleke wachache wenye uhakika, tusipeleke msafara. Kwenye hiyo maili nasema tupeleke kijana yeyote mwenye muda uliopimwa sawasawa, hata akimaliza wa mwisho, ilimradi asiambiwe akirudi kwamba ameshuka kiwango. Mabondia waende wote wanaofuzu. Viongozi wa msafara wapunguzwe, ingawa hilo najua hamtalichapa.

Mwalimu mstaafu, Kanda ya Kaskazini