Masikio ndiyo mtaji wako Gozo

Ndugu yangu, umeuliza utafundishaje kupiga mbizi Gozo, kisiwa cha Malta, kuanzia Mei hadi Oktoba bila kuharibu masikio. Kinachoumiza zaidi ni kupanda na kushuka na wanafunzi mara nyingi kwa siku. Kutoka juu hadi mita 10 tu, shinikizo huongezeka maradufu. Basi, ili shinikizo ndani ya sikio lilingane na la nje, bana pua upulize taratibu tangu unapozama, kila nusu mita, kabla hujasikia maumivu. Sikio likigoma, panda mita moja, tafadhali usilazimishe.

Ukitoka, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, inamisha kichwa yachuruzike. Vijiti vya pamba achana navyo kabisa, vinakwangua nta inayolinda ngozi.

Una mafua? Usizame. Dawa ya kuzibua pua ikiisha nguvu ukiwa chini, hewa hunaswa sikioni wakati wa kupanda. Mwambie bosi mapema akupange kujaza mitungi ya hewa.