Maswali ya wasomaji kuhusu sheria: Mzee yu hai, mikorosho ni ya nani?

SWALI: Baba yetu ana umri wa miaka 81 na anaishi hapa Newala na mama yetu mdogo. Ana mashamba mawili ya mikorosho aliyoyafungua mwenyewe. Tangu mwaka jana ameanza kusahau. Siku nyingine huulizia watu waliokwisha kufariki, siku nyingine yuko sawasawa na anakutajia mipaka ya shamba bila kukosea. Kaka yetu mkubwa ndiye anayeshika kadi yake ya benki, na sasa ameleta karatasi anayotaka baba aiwekee dole gumba ili mashamba yawe mikononi mwake. Wapwa wa baba nao wanadai kwamba kwa mila zetu za Kimakonde mali ya mjomba ni yao. Sisi ni Waislamu, na mabinti watatu hatujaulizwa lolote. Je, mirathi ya baba igawanywe vipi?
Binti wa mzee, Newala

JIBU: Binti yangu, katika barua yako limo neno moja ambalo naiomba familia yenu iliweke kando kwa sasa, nalo ni mirathi. Baba yenu yu hai, na mtu aliye hai hana warithi, si kwa sheria ya Serikali, si kwa dini, wala si kwa mila. Mashamba ni yake, na fedha zinazoingia katika akaunti yake baada ya korosho kuuzwa mnadani kupitia chama cha msingi cha ushirika ni za chakula chake, dawa zake na matunzo ya mkewe, kabla hazijafikiriwa kuwa za mtu mwingine yeyote.

Karatasi ya kaka yako ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Dole gumba la mzee aliyepotewa na kumbukumbu halina thamani mahakamani iwapo itathibitika kwamba siku ile hakuelewa alichokiidhinisha, au kwamba alishinikizwa na yule yule anayefaidika. Kwa hiyo, kama baba ana jambo analotaka kuliweka wazi, msubirini siku ambayo akili yake imetulia, asomewe maandishi yote kwa lugha anayoielewa vizuri, hata ikiwa ni Kimakonde, na wawepo mashahidi wasio na fungu katika mali hiyo. Mkipata daktari wa kumpima siku hiyo hiyo na kuandika hali yake, mtakuwa mmezuia ugomvi wa miaka mingi. Aulizwe yeye kwanza, na aulizwe bila kaka yako kusimama pembeni yake.

Kuhusu kadi, sina ushahidi kwamba kaka yako ni mwizi, na huenda ndiye anayehangaika na mzee kuliko ninyi nyote. Lakini kushika kadi na namba ya siri hakumfanyi kuwa mwakilishi wa baba. Baba akiwa na fahamu zake anaweza kumpa mtu anayemwamini mamlaka kwa hati ya uwakilishi iliyoandaliwa na wakili, ikieleza mtu huyo afanye nini na asifanye nini. Hati hiyo hukoma mzee anapofariki, na baada ya hapo hakuna mtoto mwenye ruhusa ya kutoa hata shilingi moja mpaka mahakama iteue msimamizi. Fahamu zikimtoka kabisa kabla ya hapo, njia iliyobaki ni kuiomba mahakama iteue mtu wa kusimamia mali yake.

Sasa nije kwa wapwa. Najua uzito wa upande wa mama katika mikoa yetu hii ya Kusini, na siudharau. Hata hivyo, mahakama zetu huangalia namna mtu alivyoishi, na kwa mzee aliyefunga ndoa, kuswali na kulea watoto wake Kiislamu, sheria itakayotumika kwa kawaida ni ya Kiislamu. Katika sheria hiyo wapwa hawarithi pale marehemu anapoacha wana wa kiume. Mke hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kwa kuwa kuna watoto, na kinachobaki baada ya mafungu ya lazima hugawiwa watoto, kila binti akipata nusu ya fungu la mwana wa kiume. Hata kama ingetumika mila, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha uamuzi wa kimila unaomnyima mwanamke ardhi kwa sababu ya jinsi yake.

Baba akipenda kuwakumbuka wapwa, wosia unamruhusu kutoa hadi theluthi moja ya mali yake kwa wasio warithi. Ninyi watoto hamwezi kuongezewa kwa wosia bila ridhaa ya warithi wenzenu. Akitaka kumpa mmoja wenu shamba, njia ni hiba, yaani zawadi anayoitoa angali hai, na hiba haitimii kwa maneno matupu. Lazima atoe, mpokeaji akubali, na shamba likabidhiwe kweli akiwa hai, kwa sababu hiba inayotolewa katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia.

Siku Mungu atakapomchukua, kikao cha ukoo kitapendekeza msimamizi, lakini anayemteua ni Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi si mmiliki. Anatakiwa ndani ya miezi 4 kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni yote, na mabinti mna haki ya kuiona.

SWALI: Niliandika wosia miaka 9 iliyopita, na sasa nimejenga nyumba nyingine. Je, naweza kuubadili?
Mstaafu, Lindi

JIBU: Unaweza, mzee wangu, wakati wowote maadamu una akili timamu. Andika mpya wenye tarehe, utamke ndani yake kwamba unafuta ule wa awali, kisha uupeleke kuhifadhiwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) au kwa wakili wako, na nakala ya zamani uichukue popote ulipoiacha.