Saa tisa ya nani?

Mwaka ule naanza kupeleka viazi Tunduma nilipigwa hasara moja ya kijinga, mpaka leo nikikumbuka nacheka mwenyewe. Mteja yuko Nakonde, ng'ambo ya boda upande wa Zambia, Kiswahili anakipiga vizuri tu, akaniambia kwenye simu "mama, lete mzigo hapa boda saa tisa". Haya. Nikatoka Uyole, Mbeya, na fuso bila haraka, saa nane na nusu mchana niko Tunduma nimeshakula na wali maharage, napiga simu mtu kanuna, eti nimekusubiri weee hukutokea nimenunua kwa mwingine.

Kumbe saa tisa yake anahesabu kizungu, yaani sisi hiyo ni saa tatu asubuhi. Na bado, Zambia wako nyuma yetu saa moja, kwahiyo tatu yake kwetu ni saa nne, na hapo ni kuvuka tu! Viazi niliuza bei ya kutupa.

Toka siku hiyo mtu wa boda siagani nae bila kuuliza saa ya Bongo au ya Zambia, asubuhi au mchana, aniite mshamba poa tu. Na saa ya simu ukiwa pale usiiamini, ikidaka mtandao wa ng'ambo inajirudisha yenyewe.

Ila tusisingizie boda, hata hapa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, tunayo haya. Dereva akisema "niko hapa hapa" muulize hapa wapi, maana hapa yake inaweza kuwa Igawilo anakunywa chai na wewe umeshaita vijana wa kushusha, wamekaa tu wanakuangalia. Alafu "kesho" ya meseji, jamani! Mtu kaandika usiku "nakulipa kesho", wewe unasoma asubuhi, kesho ipi sasa? Mimi naandika Jumatano, basi.

Gunia ndio usiseme. Mkulima akisema gunia kichwani ana lumbesa, lile lililojazwa kupita mdomo, lenye kilemba cha kamba juu, mnunuzi wa mjini anawaza kilo 100 za sheria, mnakubaliana bei kwa simu vizuri kabisa halafu mnakuja kugombana kwenye gari. Uliza kilo, au nenda kalione.

Yule wa Nakonde bado tunafanya biashara. Juzi kanitumia meseji: "Alhamisi, saa nne asubuhi ya kwenu, upande wa Tanzania, kwenye mizani." Nikampigia kumuuliza mizani ipi.