Kurefusha mkia wa herufi kwa njia za vekta: jibu kwa aliyeuliza kuhusu jina la mashua

Wa alaykum salaam ndugu yangu. Umesema unataka jina "Salama" likae kwenye fulana za mabaharia na ubavuni mwa mashua, mkia wa "a" ya mwisho urefuke na kurudi chini ya jina lote kwa mawimbi. Umejaribu zana ya kupinda picha ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, na herufi inatoka na ukungu, mara nene mara nyembamba. Kazi yangu hapa Amu ni hiyo hiyo: majina ya vyombo, mabango ya Maulidi, fulana za mashindano. Nakueleza ninavyofanya.

Zana uliyotumia iache. Ile inasukuma pikseli, yaani vidoti vya rangi vinavyounda picha, na pikseli ikivutwa inachakaa. Unachohitaji ni ukingo wa herufi uwe mstari unaoshikika, unaoitwa njia ya vekta, ambao hauchakai hata ukiukuza mpaka ukubwa wa mita mbili.

Andika jina kwa fonti nene kiasi, umwonyeshe mwenye chombo akubali herufi kwa herufi. Likishageuzwa njia, kurekebisha maandishi hakutaibadilisha njia yenyewe. Kisha, ukiwa bado na zana ya maandishi, bofya kitufe cha kulia juu ya jina, chagua Path from Text. Hutaona badiliko lolote, na wengi huishia hapo wakidhani imegoma. Fungua kidirisha cha Paths, washa jicho la njia mpya, zima leya (tabaka) ya maandishi, chukua zana ya njia kwa kubonyeza B, halafu bofya ukingo wa jina. Nodi, yaani vidoti vya kushikia mstari, zitajitokeza.

Sasa ndipo ufundi ulipo. Mkia una kingo mbili, wa juu na wa chini, na lazima zisafiri pamoja. Shikilia Shift uchague nodi zote za ncha, uzivute pamoja hadi mkia unapotakiwa kuishia. Mkia utanyooka tu, usiogope. Ongeza nodi kwa kushikilia Ctrl na kubofya juu ya mstari, lakini pale tu wimbi linapofika kileleni na pale linapofika chini kabisa, si penginepo. Kila nodi ya ukingo wa juu iwe na mwenzake ukingo wa chini. Mikono ya nodi za kilele, yaani vijiti vinavyotoka kwenye nodi na kuongoza mpindo, ilale sawasawa, isiinamie upande. Kwenye kona ya kurudi nyuma, mkono wa ukingo wa nje utakuwa mrefu kuliko wa ndani, kwa sababu njia ya nje ni ndefu zaidi. Kona ikiwa robo ya duara, mkono uwe kama asilimia 55 ya nusu kipenyo, hapo utapata mviringo safi. Mistari hii inaitwa kwa jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyeitumia kuchorea bodi za magari miaka ya 1960.

Nasisitiza nodi chache kwa sababu ndiyo siri yote. Nenda Matondoni kwa waunda vyombo utazame ubao mrefu wa chombo unavyopindwa: ukishikwa sehemu chache, unapinda wenyewe vizuri, ukibanwa kila shibiri, unatoka matuta. Mkia wa wimbi moja na nusu haudai zaidi ya jozi nne au tano za nodi. Nikiona mkia wenye nodi ishirini najua aliyeuchora alikuwa anapigana nao.

Acha nafasi kati ya mkia na miguu ya herufi, isipungue unene wa mkia wenyewe. Kwenye skrini utaona ni nafasi kubwa mno, ila mashua ikipita mbali na gati jina litasomeka. Punguza picha hadi asilimia 10 uangalie.

Kama utataka jina kwa herufi za Kiarabu pia, na hapa wengi wanataka, usiinyooshe herufi yenyewe. Refusha kiungo kati ya herufi na herufi. Halafu jua kwamba mara nyingi kila herufi inageuka umbo lake, na maumbo yanapandana kwenye viungo. Mashine ya kukata stika itapitisha kisu kwenye mipandano yote, jina litoke vipande vipande. Hiyo naifungua ndani ya Inkscape, programu ya kuchora vekta, nachagua maumbo yote na kuyaunganisha kwa Union kabla ya kupeleka.

Kwa fulana, tengeneza leya mpya tupu ujaze njia rangi. Kwa mashua, bofya kulia jina la njia kwenye kidirisha, uitoe nje kama SVG, faili la michoro ya vekta, uikuze na kuichapisha kwa karatasi za A4 zilizogandishwa. Mimi natoboa vitundu kwa sindano kufuata mstari, nabandika karatasi ubavuni, napiga unga wa makaa kwa kitambaa, karatasi ikitoka nukta zimebaki na brashi inazifuata. Ubavu umepinda, kwa hiyo anza kubandika katikati ya jina uende pande zote mbili.

Ukikwama, weka picha ya skrini nodi na mikono yake vikionekana, si jina lililokwisha kujazwa rangi, nikuonyeshe ipi ya kuondoa.