Mbegu za karoti kwenye ndoo hazijaota

Pole, dada. Kumwagilia ndoo siku 10 bila kuona hata jani moja kunakatisha tamaa, lakini usifukue bado: karoti huweza kuchukua hata wiki 3 kuota. Mara nyingi kinachoziua ni udongo wa juu kukauka. Mimi hufukia mbegu nusu sentimita tu, nafunika kwa gunia lililoloweshwa, nanyunyizia asubuhi na jioni. Zikichomoza, gunia naliondoa siku hiyohiyo.

Baadaye ng'olea miche iliyosongamana, inayobaki iachane kwa sentimita 5. Usiihamishe, mizizi itapinda. Samadi mbichi nayo huzifanya karoti zigawanyike panda. Ndoo iliyowahi kuwekwa dawa ya wadudu usiitumie kabisa! Miche ikinyauka huku udongo una unyevu, mpelekee afisa ugani mche mmoja auone.