Kabla plasta haijapigwa: nyutro ifike kwenye kila swichi

Mkuu, umeuliza kama ununue swichi janja, zile za kuamriwa kwa simu, sasa hivi wakati fundi bado anachimba kuta, au usubiri nyumba iishe. Vifaa vinaweza kusubiri. Nyaya hazisubiri, na nakwambia hivyo kwa sababu mimi nilianza na vifaa.

Mwaka 2021 nilikarabati nyumba ya mzee kule Tabata, ya miaka ya tisini. Vigae vipya, dari mpya ya jipsam, rangi nje na ndani. Umeme sikuugusa, maana taa zote zilikuwa zinawaka. Baada ya kuhamia nikanunua swichi janja 8. Kufungua ya sebuleni, nyaya mbili tu: nyekundu na nyeusi. Mimi nilidhani nyeusi ni nyutro, waya unaorudisha umeme. Nikaona bora nimwite fundi. Akawasha taa, akagusa nyeusi kwa testa, testa ikawaka. "Hii siyo nyutro, bosi. Hii ndiyo laivu, waya unaoleta umeme, inayopanda kwenye taa."

Nyumba nyingi za zamani ziko hivyo. Nyutro inapita juu ya dari moja kwa moja hadi kwenye taa, na kinachoshuka kwenye swichi ni laivu peke yake, kisha inarudi juu. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi ya hapo. Swichi janja iko macho saa zote ikisubiri amri, kwa hiyo inataka nyutro yake hata taa ikiwa imezimwa. Zipo zisizohitaji nyutro, ila hizo zinapitisha umeme kidogo kidogo kwenye balbu. Nilizifunga vyumba vitatu, cha watoto kikiwemo, balbu za LED zikawa zinapepesa usiku kucha. Tuliongeza kapasita, kifaa kidogo cha kumeza umeme huo, kwenye taa. Vyumba viwili vikatulia, cha watoto kikagoma. Mwisho nilichimba kuta ambazo rangi yake haikuwa na miezi minne. Niliumia sana.

Kwa hiyo andika kwenye makubaliano na fundi: laivu, nyutro na ethi (waya wa usalama unaokwenda ardhini) zifike kila boksi la swichi, hata la stoo. Na nyutro itoke sakiti moja (njia moja ya umeme yenye breka yake) na laivu yake. Ukichanganya na ya sakiti nyingine, RCD, ile breka inayokata umeme ukivuja, itakuwa inaanguka kila mara na hutajua kwa nini.

Boksi nalo liwe na kina. Yale ya milimita 16 hayatoshi; tafuta ya 35, na ya 47 ukiweza. Ila kwa tofali la inchi 5 usikubali maboksi mawili ya kina hicho yapeane mgongo pande mbili za ukuta, kitabaki kipande chembamba mno.

Hita ya maji ya wati 3,000 inavuta kama ampea 13. Swichi janja ya ampea 10 itaungua. Weka kontakta, swichi kubwa inayobeba umeme mwingi, kwenye boksi la breka, swichi iamrishe kontakta tu.

Usiamini kwamba siku hizi kila kitu ni Wi-Fi. Pitisha paipu tupu za milimita 25, zenye kamba ndani, kutoka intaneti inapoingilia hadi kwenye TV, dari ya korido, geti na kona za nje. Kebo za mtandao, za Cat6, zipite paipu yao, mbali na za umeme. Kamera za PoE zinatuma picha na kupokea umeme kwenye kebo hiyohiyo ya mtandao, huhitaji soketi kule juu.

Rauta, geti, kamera na taa chache zipe sakiti yake peke yake. Ukija kununua inveta utaiunga hapo tu, na umeme ukikatika nyumba haifi.

Na kila taa iwashwe kwa mkono ukutani, hata intaneti ikikatika. Bi mkubwa akija kulala kwangu hawezi kuomba simu ya mtu ili aende msalani.

Siku fundi akisema kesho anapiga plasta, pita chumba kwa chumba ukipiga picha, tepu ya kupimia ikiwa imeegemezwa ukutani. Nilifanya hivyo nilipochimba zile kuta. Tulipofunga makabati ya jikoni, picha ilionyesha paipu ipo sentimita 40 kutoka kona, pale hasa fundi seremala alipokuwa ameshaweka alama ya kutoboa.